Kamera na Mapigo ya Moyo: Kupima Bila Kugusa

Tangu jadi, kupima mapigo ya moyo kumehitaji mguso: vidole vya mganga juu ya kifundo cha mkono, stethoskopu kifuani au vibandiko vyenye nyaya. Makala haya yanaeleza jinsi kamera inavyoweza kuifanya kazi hiyo kwa mbali, pamoja na mipaka yake.

Msingi wa mbinu hii ni mwanga. Moyo unapodunda, damu hujaa katika mishipa midogo iliyo chini ya ngozi, kisha hupungua. Himoglobini, ambayo ndiyo huipa damu wekundu wake, hufyonza mwanga wa kijani kwa wingi. Kwa hivyo, damu inapoongezeka usoni, mwanga wa kijani unaoirudia kamera hupungua kidogo. Badiliko hilo halionekani kwa macho. Hata hivyo, programu ya kompyuta hukokotoa wastani wa rangi ya paji la uso katika kila picha ya video, kisha ikatenga badiliko linalojirudia. Likijirudia mara 1.2 kwa sekunde, moyo unapiga mara 72 kwa dakika.

Mnamo mwaka wa 2008, Verkruysse, Svaasand na Nelson walionyesha kuwa kamera ya kawaida na mwanga wa kawaida vyatosha. Mwaka wa 2014, watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwapima kwa kamera watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kwa watoto hao manufaa ni bayana, kwani ngozi yao ni laini mno na kubandua kibandiko huweza kuichubua.

Mbinu hii, hata hivyo, ina dosari. Mgonjwa akitikisika au taa ikimemeteka, vipimo huvurugika. Isitoshe, melanini, inayoipa ngozi weusi wake, hufyonza sehemu ya mwanga kabla haujaifikia damu. Uchanganuzi uliochapishwa mwaka wa 2020 ulidhihirisha kuwa usahihi hushuka kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi. Hapa ndipo suala hili linapoigusa Afrika: programu iliyofunzwa kwa nyuso nyeupe ikiletwa katika wodi ya Kisumu, huenda ikamkosea mtoto yule yule iliyokusudiwa kumwokoa.

Kadhalika, kamera haibishi hodi. Yaweza kuyasoma mapigo ya mtu asiyejua kuwa anapimwa. Basi kabla ya kuaminiwa, chombo hiki sharti kijaribiwe kwa ngozi za wale watakaokitumia, na kwa ridhaa yao.