Uzi wa Mkono: Furaha Yetu Isigeuzwe Ujira wa Chini



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo, na watu wanaofukuzwa kazi bila barua. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi watalicheka mwanzoni, yaani kusokota uzi kwa mkono na kuutia rangi nyumbani. Tunaliandika kwa sababu limeingia katika kambi zetu za Jinja na Lugazi, limependwa na wake kwa waume, na sasa limeanza kutazamwa na watu wenye fedha. Chama kikinyamaza, wengine watatusemea.

JAMBO LILIVYOANZA

Baadhi yetu tumefanya kazi kwa miaka mingi katika idara ya kusokota ya kiwanda kimoja cha nguo. Kazi yetu ilikuwa kutembea kati ya mashine, kuunga nyuzi zilizokatika, na kuondoa bobini zilizojaa. Spindeli ya mashine huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo jicho haliwezi kuona uzi unavyozaliwa. Mtu aweza kustaafu akiwa ameunga nyuzi zisizohesabika, na mtoto wake akimwuliza uzi hutengenezwaje, atajibu, "Mashine ndiyo inayojua."

Kisha ukaja wakati kiwanda kikasimamisha zamu kwa wiki kadhaa, bila malipo. Kambini alikuwapo mama mmoja kutoka Ethiopia, mke wa mwenzetu wa karakana. Huko kwao bado wapo wanawake wengi wanaosokota pamba kwa kijiti, na uzi wao hufumwa shuka nyeupe za kujitanda. Mama huyu alikuwa akikaa barazani jioni akizungusha kijiti chake. Waliosimama kumtazama kwa muda mrefu kuliko wote walikuwa watu wa idara ya kusokota. Siku ya tatu wakaomba kufundishwa.

KAZI YENYEWE

Vyombo vyake ni vichache. Kijiti laini chenye urefu wa mkono mpaka kiwiko au kupungua, kilichopachikwa kigurudumu kidogo cha mti au cha udongo ili kiwe na uzito wa kuzunguka. Pamba hununuliwa kwa mkulima ikiwa na mbegu zake. Ukichambua kilo tatu za pamba ya shambani, utapata kama kilo moja tu ya pamba safi. Nyingine zote ni mbegu. Halafu pamba huchanwa ili nyuzi zake zilale upande mmoja, na huviringwa kama mshumaa.

Hapo ndipo siri ilipo. Mkono mmoja unazungusha kijiti, mwingine unavuta pamba polepole. Nyuzi za pamba ni fupi, kama sentimita tatu tu, na hazina gundi. Kinachozishikanisha ni msokoto peke yake. Msokoto ukipungua, uzi unaachana. Ukizidi, uzi unajikunja kama mkia wa nguruwe. Ukitaka uzi wenye nguvu zaidi, unachukua nyuzi mbili na kuzisokota pamoja kwa upande wa pili, zikabana.

Wakata miwa waliona taabu kwanza, kwa sababu viganja vyao vina sugu na pamba inanata. Lakini baada ya mwezi wapo wakata miwa wanaowashinda watu wa kiwandani.

Tuseme kweli, tumeipenda kazi hii. Hakuna nyapara nyuma yako, hakuna king'ora, hakuna mgawo wa kumaliza. Uzi ukikatika unauunga, na hakuna anayekukata mshahara. Unaanza na pamba iliyotoka shambani na unamaliza na kitu unachoweza kukishika na kusema, hiki nimekifanya mimi. Mfanyakazi wa mashine na mfanyakazi wa shamba wote wananyimwa jambo hilo kila siku.

KWA NINI HATUKUJUA MAPEMA

Uganda imelima pamba ya biashara tangu 1903, mbegu zilipoletwa na kampuni ya Waingereza. Makusudi yalikuwa kulisha viwanda vya Uingereza. Mkulima alifundishwa kupanda na kuvuna, lakini hakufundishwa kusokota. Waganda walikuwa na nguo yao ya asili, lubugo, inayopondwa kutoka gome la mti wa mutuba, na haihitaji uzi. Hata kinu cha kuchambulia pamba kilikuwa mali ya wengine. Katika ghasia za 1949 huko Buganda, moja ya madai ya wakulima lilikuwa haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe.

Lakini Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa uzi. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wamekuta vigurudumu vya kusokotea vilivyochongwa kutoka vigae vya vyungu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zilizofumwa pale zilisafirishwa mpaka Misri. Katika karne ya 19 ilikuja kwa wingi nguo ya bei nafuu ya viwanda vya Marekani, ile iliyoitwa amerikani, na vijiti vingi vikawekwa chini.

RANGI ZA JIKONI NA SHAMBANI

Pamba haikubali rangi upesi. Ina mafuta yake ya asili, kwa hiyo lazima uzi uchemshwe kwanza kwa sabuni na magadi, kisha usuuzwe vizuri. Baadaye unalowekwa usiku kucha katika chai nyeusi iliyokolea, halafu katika maji ya shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka usoni baada ya kunyoa. Chai na shabu ndizo zinazoishikilia rangi. Asiyefuata hatua hizi ataona rangi yake ikiondoka na maji ya kwanza.

Maganda ya vitunguu hutoa rangi inayokaribia dhahabu. Manjano hung'aa sana, lakini jua huifuta upesi. Uzi uliolowekwa katika chai, ukitiwa katika maji ya misumari yenye kutu, hugeuka kijivu na kuelekea weusi. Utomvu wa ndizi kila mama anaujua, maana ukidondoka kwenye nguo hautoki tena. Sasa tunaupaka kwa makusudi.

Rangi iliyotushangaza zaidi ni nili. Hatusemi ile ya kufulia ya dukani, bali majani ya mmea wa nili. Majani hulowekwa mpaka yanuke, na maji ya majivu hutiwa. Uzi ukitolewa ndani ya chungu huwa wa kijani, na ukipigwa na hewa hugeuka buluu mbele ya macho yako. Watoto wa kambi hukusanyika kuutazama.

Tahadhari mbili. Sufuria ya rangi isirudi kupikia posho. Na pamba ichanwe nje, penye upepo. Wenzetu wa kiwandani wanaijua ile hali ya kifua kubana siku ya Jumatatu baada ya mapumziko. Huo ni ugonjwa wa vumbi la pamba, na si vizuri kuuleta chumbani wanapolala watoto.

MAFUNZO KUTOKA INDIA

Nili hiyohiyo ina historia ambayo wafanyakazi wa mashamba wanapaswa kuijua. Huko Champaran, India, wakulima walilazimishwa na mabwana wa mashamba kupanda nili katika sehemu tatu kwa kila ishirini za ardhi yao, watake wasitake. Mwaka 1917 Gandhi alikwenda kukusanya malalamiko yao, na mwaka 1918 sheria ikaufuta mpango ule. Mwaka huohuo wa 1918 wafanyakazi wa viwanda vya nguo wa Ahmedabad waligoma wakidai nyongeza ya asilimia 35, waajiri wakishikilia 20. Mwisho msuluhishi aliwapa 35, na mwaka 1920 wakaunda chama chao.

Gandhi huyo ndiye aliyefufua gurudumu la kusokotea katika vijiji vya India. Lakini hata yeye aliona hatari iliyokuwamo. Wanawake vijijini walisokota kwa ujira mdogo mno, na mwaka 1935 alisukuma ujira wao upandishwe, ingawa wengine walisema nguo itakuwa ghali. Na kutoka chama kile cha Ahmedabad, mwaka 1972, Ela Bhatt aliwaongoza wanawake wanaofanya kazi majumbani na mitaani kuunda chama chao wenyewe, SEWA.

HESABU YA MFANYAKAZI

Tunayasema haya kwa sababu yamefika mlangoni. Mfanyabiashara mmoja amekuja kambini akitaka kununua uzi wetu wa rangi kwa kilo, kwa bei anayoitaja yeye. Na katika mazungumzo ya mishahara, meneja mmoja amesema kwamba wafanyakazi wa siku hizi wana miradi nyumbani, kwa hiyo nyongeza si ya haraka.

Basi tupige hesabu. Kitambaa cha mita moja kwa mita moja, chenye nyuzi 20 kwa kila sentimita, kwa urefu na kwa upana, kinakula mita 4,000 za uzi. Mwenye mkono mwepesi miongoni mwetu anasokota mita 60 kwa saa. Hizo ni zaidi ya saa 66, yaani zaidi ya zamu nane za saa nane. Hatujahesabu kuchambua, kuchana, kutia rangi wala kufuma. Meneja atuonyeshe mteja atakayelipa zamu nane kwa kipande hicho, ndipo atuambie mradi huo unalisha familia.

Kamati ya tawi inashauri hivi:

1. Asiuze mtu peke yake kwa kilo. Bei ipangwe na kikundi, kwa kuhesabu saa.

2. Pasiwe na mkataba wowote wa kusokotea mwajiri nyumbani kabla chama hakijauona. Mkataba Namba 177 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1996, unataka mfanyakazi wa nyumbani atendewe sawa na mwenye mshahara mwingine.

3. Asichukue mtu hata pamba taka kiwandani bila karatasi. Ukikamatwa getini utaitwa mwizi, na itakuwa vigumu kukutetea.

4. Akina mama wasiongezewe mzigo. Wanaume waliojifunza kusokota wajifunze pia kuchota maji ya kuchemshia uzi.

Mengine yote yaendelee kama yalivyo. Jioni watu wakae barazani, wasokote, wazungumze, waimbe wakitaka. Mikutano ya tawi imejaa kuliko zamani, kwa sababu watu huja na vijiti vyao na hawana haraka ya kuondoka. Tunaomba matawi ya mashamba ya chai nayo yatume wajumbe wawili wawili waje wajifunze. Waje na majani ya chai yaliyoharibika, tutayatumia.

Kazi tunayoipenda ni yetu. Mshahara tunaoudai ni haki yetu. Moja lisitumiwe kulipia lingine.

Umoja ni nguvu.