Kimeng'enya Kinachotia Makosa
Mhariri wa kawaida husahihisha makosa. Kimeng'enya kiitwacho APOBEC3G huyatia. Virusi vya UKIMWI vinapojinakili, hugeuza herufi C za DNA yao changa kuwa U, hata ujumbe ukapotea maana. Ukoo wake ni wa kale: ndugu yake AID, kinachohariri jeni za kingamwili, kimo hata katika samaki. Panya ana jeni moja tu ya APOBEC3. Binadamu anazo saba, zao la mapambano marefu na virusi. Virusi navyo havikulala. Protini yao, Vif, hukiangamiza kimeng'enya chetu, ila kile cha tumbili wa Afrika haikiwezi. Na tofauti yenyewe, ajabu, ni asidi amino moja tu, ya 128. Ikipandikizwa katika kimeng'enya cha binadamu, Vif hiyo hushindwa.