Je, Wajua? Kasri la Glamis na Warithi Wake

Je, wajua kwamba kasri la Glamis, mashariki mwa Uskoti, limekuwa la ukoo wa Lyon kwa zaidi ya miaka 650? Mfalme Robert wa Pili alimpa John Lyon ardhi hiyo mwaka 1372. Miaka minne baadaye akamwoza binti yake, Joanna.

Je, wajua kwamba Macbeth, ambaye Shakespeare anamwita bwana wa Glamis, hana undugu na ukoo huu? Macbeth wa kweli aliuawa mwaka 1057, zaidi ya karne tatu kabla ya Lyon kukabidhiwa ardhi.

Je, wajua kwamba urithi huo uliwahi kukatika? Mwaka 1537 Janet Douglas, mama wa mrithi, alishtakiwa kwa njama ya kumtilia sumu Mfalme James wa Tano, adui mkubwa wa akina Douglas. Alichomwa moto akiwa hai mjini Edinburgh. Mwanawe akafungwa, mfalme akatwaa kasri na kulifanya makazi yake. Mfalme alifariki mwaka 1542; mwaka uliofuata mwana akarudishiwa mali.

Je, wajua kwamba madeni nayo hurithiwa? Mwaka 1646 Patrick Lyon alifiwa na baba akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, akaachiwa kasri na rundo la madeni. Alipokua alipambana nayo, akalikarabati kasri, na akaandika daftari la mambo yake ambalo limehifadhiwa hadi leo.

Je, wajua kwamba bwana harusi ndiye aliyebadilisha jina? Mary Eleanor Bowes alirithi utajiri wa makaa ya mawe wa baba yake, ambaye wosia wake ulitaka atakayemwoa achukue jina la Bowes. Earl wa tisa wa Strathmore (cheo cha ukoo wa Lyon) alikubali mwaka 1767. Ndiyo asili ya jina Bowes-Lyon.

Je, wajua kwamba ndoa ya siku moja iligawa mali? Mwaka 1820 Earl wa kumi, mgonjwa mahututi, alibebwa hadi kanisani London kumwoa Mary Milner, mama wa mwanawe John. Kesho yake akafa. Kwa sheria ya Uskoti ndoa hiyo ingemhalalisha mtoto, lakini iliamuliwa kwamba marehemu alikuwa mkazi wa Uingereza. Cheo na Glamis vikaenda kwa baba mdogo wa John. John akabaki na mashamba ya Uingereza. Alikufa bila mtoto mwaka 1885, nayo mashamba yakarudi kwa ukoo.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1964, Mskoti akifa bila wosia, ardhi yake yote ilikwenda kwa mwana wa kiume wa kwanza? Sheria mpya iligawia watoto wote sawa, lakini vyeo havikuguswa.

Je, wajua kwamba binti wa Glamis aliwahi kufika Kenya? Elizabeth Bowes-Lyon alikuja Desemba 1924 na mumewe, baadaye Mfalme George wa Sita. Binti yao alikuwa Nyeri, Februari 1952, alipokuwa malkia baada ya baba yake kufariki. Elizabeth mwenyewe alipata taji, lakini si kasri: baba yake alipokufa mwaka 1944, Glamis ilikwenda kwa kaka yake, Patrick.