Kijana wa Takaba, ukifika Wasini tafuta mwenyeji

Kama umelelewa Takaba, maji mengi zaidi uliyowahi kuona mahali pamoja huenda ni ya silanga baada ya mvua. Basi jiandae. Siku utakayofika Shimoni, Kaunti ya Kwale, utaona bahari hadi macho yachoke. Ng'ambo, safari fupi tu kwa boti, kuna kisiwa cha Wasini.

Wasini ni kidogo na hakuna magari. Utatembea kwa miguu. Sasa mbona umlipe mtu akuonyeshe njia?

Kwa sababu simu yako haijui maji yatajaa saa ngapi. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya mawe ya matumbawe ya kale na mikoko, yenye daraja la mbao linalosimamiwa na kikundi cha wanawake. Maji yakipwa utaona kaa; yakijaa, ulipokuwa mchanga panageuka bahari. Mwenyeji atakwambia uende lini. Isitoshe, pesa unayolipa inabaki kijijini.

Kisha kuna Kisite-Mpunguti: hifadhi ya Kisite ni kilomita 28 mraba, ya Mpunguti 11. Hapo ndipo watu huenda kutazama pomboo. Nahodha anajua kwamba wakati wa kaskazi bahari hutulia, na kusi ikivuma mawimbi huwa makali. Akisema leo hatuendi, usibishane naye. Na kama hujui kuogelea, sema mapema, uvae jaketi la kuokolea maisha. Hakuna aibu, sisi wa bara kavu tungejifunzia wapi?

Mengine utayaelewa bila kufundishwa. Wenyeji ni Waislamu kama kwenu, na lahaja yao ni Kivumba. Vaa kwa staha, salimia wazee, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Hata shida ya maji unaijua: kwa miaka mingi watu hawa waliozungukwa na bahari wamekinga maji ya mvua ili wapate ya kunywa.

Sasa geuza macho nyumbani. Mandera kuna Mbuga ya Kitaifa ya Malka Mari, iliyotangazwa mwaka 1989, kando ya mto Daua mpakani na Ethiopia. Wageni ni wachache, na usalama ni kikwazo, hilo halifichiki. Lakini kazi ya kuongoza wageni huanza kabla mgeni hajafika. Vijana wa Wasini wameyajua maji na pepo zao kwa kukaa na wavuvi.

Wewe je, unajua majina ya visima vya zamani, miti ya dawa na njia za ngamia? Wikendi hii kaa na mzee mmoja, muulize, uandike. Usingoje mpaka awe hayupo.