Siasa kwenye jezi: Ukilipa ni utalii, usipolipa ni kosa

FEBRUARI 7, 2024, Uwanja wa Ebimpe, Abidjan. Nusu fainali ya Afcon, wenyeji Ivory Coast dhidi ya DR Congo. Wimbo wa taifa wa Congo unapigwa na wachezaji wamesimama kwenye mstari, mkono mmoja umeziba mdomo, mwingine umenyoosha vidole viwili kichwani mithili ya bastola.

Hakuna aliyehitaji mkalimani. Walikuwa wanasema watu wanauawa mashariki mwa nchi yao na dunia imekaa kimya.

Kwa shabiki wa Bongo ujumbe ule ulikuwa wa karibu zaidi, maana kikosini walikuwamo watu tunaowajua: Henock Inonga, wakati huo beki wa Simba, na Fiston Mayele aliyetufundisha kutetema akiwa Yanga kabla hajatimkia Pyramids ya Misri. Congo ililala 1-0 kwa bao la Sebastien Haller, lakini picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya ile mikono.

Tangu hapo mjadala haujaisha: siasa ina nafasi gani kwenye soka la kulipwa?

SHERIA INASEMAJE

Kwenye karatasi jibu ni jepesi. Sheria ya 4 kati ya zile 17 za soka inakataza vifaa vya mchezaji kuwa na maneno, kauli au picha za kisiasa, kidini au za binafsi. Ukivua jezi na ndani kuna ujumbe, umekwisha.

Muulizeni Frederic Kanoute. Januari 2009, straika huyo wa Mali aliifungia Sevilla dhidi ya Deportivo La Coruna kwenye Kombe la Mfalme, akaonyesha fulana yenye neno Palestina. Kadi ya njano, kisha faini ya euro 3,000.

Pep Guardiola naye alilimwa pauni 20,000 na FA mwaka 2018 kwa kuvaa utepe wa njano, akiwaunga mkono wanasiasa wa Catalonia waliokuwa gerezani. Na Kombe la Dunia Qatar 2022, manahodha wa timu kadhaa za Ulaya walitaka kuvaa kitambaa cha OneLove, Fifa ikawatishia kadi, wakaufyata. Wajerumani wakapiga picha ya kikosi wameziba midomo kabla ya kuchapwa 2-1 na Japan.

Hadi hapo unaweza kusema sawa, sheria ni msumeno. Shida ni kwamba msumeno huu unachagua mti wa kukata.

MKONO WA JEZI UNA BEI

Mwaka 2018 Arsenal iliingia mkataba wa kuvaa Visit Rwanda kwenye mkono wa jezi. Klabu nyingine nazo zikasaini na Rwanda: PSG 2019, Bayern Munich 2023, Atletico Madrid 2025. Kiukweli, nchi kujitangaza kwa soka siyo dhambi. Simba wenyewe walivaa Visit Tanzania kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2021 na tulifurahi.

Lakini mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia waasi hao, jambo ambalo Kigali imekuwa ikilikanusha. Waziri wa Mambo ya Nje wa Congo, Therese Kayikwamba Wagner, aliziandikia barua Arsenal, PSG na Bayern akizitaka ziachane na mikataba hiyo.

Hapo ndipo lile tangazo la sokwe na milima likageuka kitu kingine. Kwa mkimbizi aliyetoka Goma, maneno yale mkononi mwa Bukayo Saka ni siasa tupu, hata kama mwanasheria wa klabu atakwambia ni biashara.

Baadhi ya mashabiki wa Arsenal waliliona hilo. Kundi lao moja lilikuja na kejeli ya Visit Tottenham, yaani afadhali hata wawatangaze mahasimu wao wa kaskazini mwa London. Ukiona shabiki wa Arsenal amefikia huko, ujue limemfika shingoni.

Mwisho wa yote, Agosti 2025 Bayern iliubadili mkataba wake ukabaki wa kukuza vijana, na Novemba mwaka huo Arsenal ikatangaza kwamba wake unafikia tamati mwisho wa msimu wa 2025-26. PSG yenyewe iliongeza hadi 2028.

Na Congo? Nayo ikaingia sokoni. Mwaka 2025 ilisaini na Monaco, AC Milan na Barcelona. Serikali iliyolalamika kwamba jezi zinatumika kisiasa imegundua kwamba dawa ya jezi ni jezi. Siwalaumu sana, ila hizo ni fedha za nchi ambayo watu wake wengi wanalala kwenye mahema.

HATA KWETU IPO

Tusijifanye watakatifu. Tangu 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutoa Sh5 milioni kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye michuano ya CAF, tukaliita Goli la Mama. Kenya, Rais William Ruto aliwaahidi Harambee Stars Sh1 milioni ya Kenya kwa kila mchezaji kwa kila ushindi hatua ya makundi ya CHAN, Agosti 2025. Wachezaji walistahili, lakini usiniambie siasa haikuwapo.

Na Fifa hiyo hiyo ya kadi za OneLove, Desemba 2025 ilimkabidhi Rais Donald Trump wa Marekani tuzo ya amani kwenye droo ya Kombe la Dunia. Kama hiyo siyo siasa, basi hata Kariakoo hakuna derby.

KIPIMO KIWE KIMOJA

Wanaotaka siasa ikae mbali wana hoja. Jukwaani anakaa wa chama hiki na wa chama kile, na ukifungua mlango bila mpaka, kesho tutaona sura za wagombea kwenye jezi.

Pia kuna mchezaji anayebebeshwa ujumbe asioutaka. James McClean amezaliwa Derry, mji ambao askari wa Uingereza waliwapiga risasi raia mwaka 1972. Kila Novemba alipokataa kuvaa ua jekundu la kuwakumbuka askari, alizomewa viwanja vya Uingereza. Kwa mwenye jezi ni kumbukumbu, kwake ni jeraha.

Kwa hiyo siasa haitoki uwanjani, haijawahi kutoka. Kinachowezekana ni haki. Kama fulana ya Kanoute ni siasa, basi na tangazo la serikali yenye mgogoro na jirani yake lipimwe hivyo hivyo kabla mkataba haujasainiwa, siyo baada ya mji kuanguka. Mchezaji asilazimishwe kuvaa ujumbe unaomuumiza. Na anayesimama kuomboleza watu wake, kama Wacongo walivyofanya Abidjan, asitishwe na kadi.

Wale vijana hawakulipwa na mtu kuziba midomo yao. Sheria inayowaona wao tatizo na kuuacha mkono wa jezi wenye mamilioni ya pauni, hiyo haijaondoa siasa kwenye soka. Imeiwekea kiingilio tu.