Jiwe Hai Kando ya Ziwa: Namna ya Kuanzisha Tangi la Kwanza la Furu, Homa Bay na Migori

Utangulizi

Katika fuo za Homa Bay, furu ni chambo. Mvuvi anayelenga mbuta humtunga furu kwenye ndoana angali hai, nao watoto huwavua kwa kijiti na uzi kando ya miamba. Ni nadra kumwona mtu akimtazama samaki huyo kwa zaidi ya dakika moja. Ilhali katika miji ya Ulaya na Marekani wapo watu wanaomfuga katika matangi ya kioo, wakamjua kwa rangi, kwa meno na kwa tabia zake za uzazi.

Makala haya yanaeleza jinsi mkazi wa Homa Bay au Migori anavyoweza kuanzisha tangi lake la kwanza la furu kwa mawe ya nyumbani, akifuata kanuni waliyoizoea wafugaji wa samaki wa baharini, yaani kanuni ya jiwe hai. Hoja kuu ni kwamba tangi haliundwi na samaki. Huundwa na jiwe, na jiwe lenyewe huhitaji muda kabla ya kuwa hai. Wengi wanaofiwa na samaki katika mwezi wa kwanza hufiwa kwa sababu wamelipindua jambo hilo.

Jiwe hai ni nini?

Wafugaji wa samaki wa baharini hupamba matangi yao kwa vipande vya matumbawe yaliyokwisha kufa na kuvunjika. Tumbawe lililokufa ni chokaa iliyojaa matundu madogo. Katika matundu hayo huishi bakteria, mwani, minyoo na wadudu wa kila namna. Kwa hiyo si jiwe lenyewe lililo hai, bali ni wakazi wake.

Kati ya wakazi hao, walio muhimu zaidi hawaonekani kwa macho. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kiasi. Makundi hayo mawili huhitaji oksijeni, na kwa hiyo hukaa juu ya jiwe. Ndani ya jiwe, mahali ambapo oksijeni haifiki, kuna bakteria wengine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ikapaa hewani. Hivyo kipande kimoja cha mwamba hufanya kazi ya chujio zima.

Kwa nini si bahari?

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu wa Homa Bay asiweke tangi la bahari lenyewe. Jambo hilo linawezekana, lakini gharama yake si ndogo. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita, na chumvi hiyo ni mchanganyiko wa madini mengi. Chumvi ya jikoni haiwezi kushika nafasi yake. Mombasa iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Tena matumbawe ni mali ya kuchungwa: hukua polepole, joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki, na katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuyaokota. Biashara yake baina ya mataifa nayo inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa.

Wala mtu asidanganywe na chumvi iliyo karibu. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo ngano ya Waluo husimulia kuwa ni kijiji kilichogharikishwa baada ya kumnyima bikizee ukarimu. Maji ya ziwa hilo ni ya magadi, si ya bahari. Samaki wa bahari hawezi kuishi humo, wala furu hawezi.

Lililo la busara basi ni kuichukua kanuni ya bahari na kuitumia ziwani. Ziwa Victoria nalo lina miamba yake, na miamba hiyo ina samaki wake.

Furu na miamba yao

Furu, au fulu kwa Kidholuo, ni samaki wadogo. Wengi wao hawazidi sentimita 15. Wataalamu wanakadiria kuwa Ziwa Victoria lilikuwa na zaidi ya spishi 500 za furu, na kwamba spishi hizo zilizuka kwa kipindi kifupi mno, kwa kuwa ziwa lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita kabla ya kujaa tena. Baadhi hula mwani, wengine konokono, wengine wadudu, na wengine mayai na watoto wa samaki wenzao. Wale wanaokaa kwenye mawe huitwa mbipi upande wa Mwanza.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta aliingizwa ziwani. Huyu ni samaki mla samaki anayeweza kuzidi kilo 100. Aliongezeka kwa ghafla kuelekea miaka ya 1980, na spishi nyingi za furu, huenda mamia mawili, zikatoweka. Waliokaa kwenye miamba walisalimika zaidi kuliko waliokaa kwenye maji ya wazi, kwa kuwa mianya ya mawe iliwapa maficho. Baadaye likaja tatizo la pili. Maji yalichafuka kwa mbolea, udongo na maji taka, na gugu maji likatanda katika Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa, maji yanapokuwa ya tope, jike hashindwi kuona tu, bali hushindwa kumtambua dume wa spishi yake kwa rangi. Matokeo yake ni kuchanganyika kwa spishi.

Ni kwa sababu hiyo tangi la kioo si pambo tupu. Tangu miaka ya 1990, baadhi ya spishi za furu zimekuwa zikihifadhiwa katika matangi ya ughaibuni. Zinahifadhiwa mbali na ziwa lake, na maelezo yake yameandikwa kwa lugha za mbali.

Tangi na maji

Tangi linalofaa kwa anayeanza ni lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50. Hilo huchukua takribani lita 240. Tangi dogo si rahisi kulitunza kama inavyodhaniwa, kwa kuwa kosa dogo huyaharibu maji yake upesi. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 240. Ukiongeza mawe na kioo, meza inapaswa kubeba zaidi ya kilo 300. Meza ya kawaida ya sebuleni haifai. Tangi lisiwekwe mahali pa jua kali.

Maji ya bomba yana klorini, nayo huwaua bakteria. Yaachwe wazi kwenye ndoo kwa saa 24 huku pampu ya hewa ikiyachemua. Maji ya mvua ni safi, lakini hayana chokaa, na uchachu wake hubadilika upesi. Yachanganywe na maji ya kisima, au viwekwe vipande vya makombe tangini. Kwa upande wa Migori pana tahadhari ya ziada. Maji na mawe yasichukuliwe kwenye vijito vya karibu na machimbo ya dhahabu ya Macalder na sehemu nyingine za Nyatike, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki.

Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Homa Bay, iliyo kando ya ziwa, huwa na joto la kutosha aghalabu. Mji wa Migori uko juu zaidi na usiku wake ni baridi, hivyo kipimajoto ni cha lazima na huenda kifaa cha kupasha maji kikahitajika. Kwa kuwa umeme hukatika, ni vyema kuwa na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Bakteria nao huhitaji hewa. Umeme ukikatika usiku kucha, si samaki tu wanaokosa pumzi.

Kuchagua na kuandaa mawe

Mawe yanayofaa ni yale yaliyokaa majini kwa muda mrefu, yenye utando wa kijani wa mwani na uso wa kukwaruza. Mawe ya volkano yenye matundu ni bora kuliko yaliyo laini, kwa sababu uso wake ni mpana na bakteria hupata makazi mengi.

Hapa pana hatari isiyopaswa kupuuzwa. Konokono wa ziwani hueneza kichocho. Anayeokota mawe asisimame majini bila viatu vya mpira, wala asitumbukize mikono mitupu. Mawe yakifika nyumbani yawekwe kwenye ndoo ya maji yenye pampu ya hewa, konokono wote waondolewe kwa mikono yenye glavu, na mawe yaachwe humo kwa zaidi ya saa 48. Vijidudu vya kichocho haviishi muda huo nje ya konokono na nje ya mwili wa mtu. Mawe yasichemshwe wala kuanikwa juani: jiwe lililochemshwa ni safi, lakini limekufa, na kazi yote huanza upya.

Mawe yapangwe juu ya sakafu ya kioo kabla ya kutia mchanga, ili furu anapochimba yasiporomoke. Yaachiwe mapango na mianya mingi. Furu mnyonge asiyekuwa na pa kujificha huuawa na mwenye nguvu.

Majuma sita ya kungoja

Mawe yakishapangwa na maji kujazwa, mfugaji hutia chembe kidogo za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili, ingawa samaki hawamo. Chakula hicho huoza na kuwalisha bakteria. Mwanzoni amonia hupanda. Baadaye hushuka na nitriti hupanda. Mwishowe nitriti nayo hushuka na nitrati huonekana. Kwa kawaida safari hiyo huchukua majuma manne hadi sita. Mawe yaliyofika yakiwa hai huifupisha, lakini hayaiondoi.

Dalili ya kukamilika si maji kung'aa. Maji yanaweza kung'aa kama kioo yakiwa yamejaa amonia. Dalili ni vipimo: amonia sifuri na nitriti sifuri, kwa siku kadhaa mfululizo.

Tofauti moja na bahari ikumbukwe. Jiwe la ziwani halina matundu ya ndani kama tumbawe, kwa hiyo haliwezi kuimaliza nitrati. Kazi hiyo humwangukia mfugaji, naye huifanya kwa kubadilisha robo ya maji kila juma.

Kuwatia samaki

Kabla ya kuchukua furu ziwani, mfugaji aulize ofisi ya uvuvi ya kaunti kuhusu idhini, kwa kuwa uvuvi nchini unaongozwa na sheria ya mwaka 2016. Achague spishi moja tu. Spishi mbili za karibu zikiwekwa pamoja huchanganyika, na tangi huzalisha tatizo lile lile la ziwani. Aanze na wachanga wanne hadi sita, angoje majuma mawili, kisha aongeze kidogo kidogo ili bakteria wapate kuongezeka pamoja nao.

Siku moja ataona jike aliyevimba kidevu na asiyekula. Huyo si mgonjwa. Amebeba mayai kinywani, naye atakaa hivyo kwa takribani majuma matatu. Samaki waliozaliwa au kukaa tangini wasirudishwe ziwani kamwe, kwa kuwa wanaweza kupeleka maradhi.

Suala la istilahi

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, tangi hili lina somo jingine. Istilahi jiwe hai haina ugumu wa kisarufi: hai ni kivumishi kisichochukua viambishi vya upatanisho, hivyo husemwa jiwe hai na mawe hai. Ugumu uko katika majina ya samaki. Mbuta wa Kenya ni sangara wa Tanzania. Omena ni dagaa. Fulu ni furu. Sayansi yenyewe imekopa huku: jenasi ya furu iliyopewa jina mwaka 1998 inaitwa Pundamilia, kwa sababu ya milia, na mmoja wa furu wa jenasi hiyo, aliyeelezwa mwaka 1985, ana jina la Nyerere.

Linalotia wasiwasi zaidi ni jina ngege. Ngege wa asili alikuwa samaki mwenyeji wa ziwa, naye ameadimika mno. Sokoni leo jina hilo hupewa samaki wa jamaa yake aliyeletwa kutoka nje katika miaka ya 1950. Jina limebaki, mwenye jina hayupo. Mnunuzi huliita jina hilo kila siku bila kujua kwamba linamtaja mwingine.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa jiwe huwa hai kwa wakazi wake, na kwamba wakazi hao hawaharakishwi. Furu mmoja tangini hawezi kulirudisha ziwa la zamani. Lakini mtoto wa Mbita au Muhuru Bay atakayemwona jike akiwatema wanawe na kuwameza tena wanapoogopa, atakuwa na neno furu na atakuwa na furu mwenyewe. Kwa ngege wengi wamebakiwa na neno tu.