GB 500 si nguvu ya kompyuta: maneno ya kujua kabla ya kumnunulia mtoto mashine

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, maduka ya kompyuta zilizotumika mjini Morogoro hupata mteja wa aina moja: mzazi mwenye fedha mkononi, na nyuma yake kijana anayesubiri kuripoti SUA au Mzumbe. Muuzaji anafungua kompyuta mpakato na kusema, “Mama, hii ni i7, GB 500, mashine ya nguvu.” Mama anasikia saba, anasikia mia tano, analipa. Wiki chache baadaye kijana anapiga simu kutoka bwenini: mashine inawaka polepole, na akifungua vitu viwili kwa pamoja inaganda.

Muuzaji huyo huenda hakusema uongo hata kidogo. Alitaja tu namba zinazovutia na kuziacha zile zinazoamua.

Ndani ya kompyuta kuna vitu vitatu vya kutofautisha, na mtu akipita Soko la Chifu Kingalu ataviona vyote. Muuza mboga ana stoo, alikoweka karoti na kabichi zilizoshuka kutoka Mgeta. Ana meza anayouzia. Na ana mikono yake. Stoo ni diski, mahali picha, kazi za shule na programu zinapolala. Meza ni ramu, mahali pa kitu kinachotumika sasa hivi. Mikono ni prosesa, inayofanya kazi yenyewe.

Stoo ikiwa kubwa kama ghala na meza ndogo kama sinia, muuzaji atashinda akikimbia stoo na kurudi huku wateja wakisubiri. Ndiyo kompyuta ya GB 500 yenye ramu ya GB 2. Na jioni meza husafishwa: umeme ukikatika na betri imekufa, kazi ambayo kijana hakuihifadhi inapotea, kwa kuwa ilikuwa mezani tu, haijaingia stoo. Kwa mwanafunzi wa leo, ramu ya GB 8 inamtosha kwa kuandika, kusoma na kufuatilia vipindi mtandaoni. GB 4 ni ya kubanabana.

Stoo nazo zina aina mbili. HDD ina sahani inayozunguka na kidude kinachoisoma, ikifanana kidogo na santuri ya babu. Ikidondoka huku imewashwa, huharibika kwa urahisi. SSD haina kinachozunguka, na ina kasi zaidi. Kwa hiyo SSD ya GB 256 mara nyingi ni ununuzi mzuri kuliko HDD ya GB 500, ingawa namba yake ni ndogo.

Kuhusu ile i7, swali ni ya kizazi gani. Jibu liko kwenye namba inayofuata: i5-8250U ni kizazi cha 8. Mashine ya i7 ya kizazi cha 3 ilitoka mwaka 2012, na i5 ya miaka ya karibuni inaweza kuiacha mbali. Kuna jambo jingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida huanzia kizazi cha 8. Anayenunua cha chini ya hapo anunue akijua hilo, na bei ishuke.

Kuhakiki hakuhitaji fundi. Kabla ya kulipa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, kisha bonyeza Enter. Jina la prosesa litatokea, na ramu pia. 8192MB ndiyo GB 8. Kitufe cha Windows na herufi E huonyesha diski. Diski ya GB 500 itaandikwa kama 465 hivi. Hapo hakuna aliyeibiwa: mtengenezaji huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024.

Ugomvi wa pili huzuka nyumbani. Mtoto anasema waifai imejaa lakini intaneti hakuna, na mzazi anahisi anatafutiwa fedha ya bando. Mtoto anaweza kuwa sahihi. Waifai ni kile kipande kifupi tu kati ya simu na ruta iliyopo sebuleni. Mji wa Morogoro unakunywa maji ya Bwawa la Mindu. Bomba la jikoni linaweza kuwa zima kabisa na maji yasitoke kwa sababu bomba kuu limepasuka mbali huko. Ruta ndilo bomba la jikoni. Kutoka hapo data huenda mnarani, hupita kwenye nyaya za mkongo hadi Dar es Salaam, kisha chini ya bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima, huku taa za waifai majumbani zikiwaka kama kawaida.

Ruta nyingi za nyumbani hutumia laini, na hapo Milima ya Uluguru huingia kwenye hesabu. Mawimbi ya mnara hupenda kwenda moja kwa moja. Ukingo wa mlima ukikaa katikati, nyuma yake panabaki kama kivuli. Mtu aliye bondeni Kinole anaweza kukosa kabisa wakati jirani aliye mgongoni mwa kilima anaongea na simu. Bando kubwa halitasaidia hapo. Kwanza itoe ruta kabatini au nyuma ya televisheni, iweke dirishani upande unaotazama mnara, juu kidogo, halafu mtoto ajaribu tena.